Damu Isemavyo Juu ya Kifua Kikuu

Mzazi wa Liuli au wa Mbamba Bay ambaye mwanawe mdogo amekonda na kutokwa jasho usiku, hukabiliwa na tatizo lisilotatuliwa na Robert Koch alipotangaza mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu: mtoto hajui kukohoa akatema, bali huyameza makohozi yake, na pasipo makohozi darubini haina cha kutazama. Ndiyo maana wataalamu wakaigeukia damu.

Kijidudu hicho kiingiapo mapafuni humezwa na chembe walaji, nazo aghalabu hushindwa kukiua, mpaka chembe nyeupe za aina nyingine zitoe protini iitwayo interferoni gama, inayozitia nguvu. Protini nyingine, TNF, husaidia kukizingira kijidudu kisienee. Lakini hiyo hiyo, pamoja na wenziwe, ndiyo iletayo homa na kukonda, hata mgonjwa akadhoofishwa na silaha zake mwenyewe. Umuhimu wa TNF ulidhihirika mwaka 2001, ilipobainika kwamba baadhi ya wagonjwa wa baridi yabisi waliopewa dawa ya kuizuia waliamkiwa na kifua kikuu kilichokuwa kimelala.

Ini nalo, likipata habari ya vita hivyo, humimina katika damu protini ya CRP, iliyogunduliwa New York mwaka 1930 na Tillett na Francis katika damu ya wagonjwa wa kichomi. Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2021, kwa kiwango cha kuzidi miligramu 5 katika lita, iwe chujio la kuwabaini wenye virusi vya UKIMWI wanaostahili kupimwa zaidi. Chujio, nasema, wala si hukumu. Kwani malaria, ambayo pwani ya Ziwa Nyasa si haba, huipandisha vile vile. CRP ni moshi uonekanao nyuma ya vilima vya Umatengo: huarifu kuwa moto upo, haumtaji aliyeuwasha.

Ushahidi ulio bayana zaidi ulipatikana humu humu Tanzania, katika utafiti wa watoto wa Mbeya na Bagamoyo uliochapishwa mwaka 2014. Humo zilitazamwa chembe nyeupe zenyewe, ambazo zikipigana na kifua kikuu kilicho hai hupoteza protini ya juu ya ngozi yao iitwayo CD27; na kwa alama hiyo watoto wengi wagonjwa walitambulikana. Illa kazi hiyo yataka mashine ya thamani na mafundi hodari, na zahanati ya kando ya ziwa haina hayo.

Amma vipimo vya damu vya kutafuta kingamwili za kifua kikuu, Shirika hilo lilivikataza mwaka 2011 kwa kuwa hudanganya. Basi mwenye kuuziwa kimojawapo asikubali. Akohoaye wiki mbili na apeleke makohozi hospitali, na mtoto aliyekonda apelekwe mwenyewe, kwa kuwa dawa za kifua kikuu hutolewa bure.