Maji ya kisima cha msikiti: yatoshea udhu, je, yafaa kunywewa?

 

Ndugu Waislamu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuanzia Mlimani. Kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, hapa hapa Kariakoo, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na tangu hapo habari za tafiti za wasomi wetu hutufikia sisi wa mjini kwa nadra. Leo tunaileta mojawapo, kwa kuwa inaihusu kila nyumba inayochota maji msikitini.

Mwaka 2002, Rubhera Mato, wa chuo ambacho tangu mwaka 2007 ni Chuo Kikuu Ardhi, alikamilisha utafiti wa shahada ya uzamivu kuhusu uchafuzi wa maji yaliyo chini ya ardhi ya jiji hili. Yeye na watafiti waliomfuata walikuta katika visima vingi vijidudu vitokanavyo na kinyesi, pamoja na chumvi iitwayo naitreti. Chanzo kikubwa ni vyoo vya shimo na makaro yetu wenyewe. Ardhi yetu ina mchanga mwingi, na mchanga hupitisha maji machafu upesi. Viwanja vya Kariakoo vilivyobeba nyumba ya chini yenye ua leo vimebeba ghorofa, na kisima na karo vimekuwa majirani wa karibu mno.

Hapa ndipo wengi wetu huchanganya mambo mawili. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, maji yaliyofika qullatein, yaani takriban lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Basi imamu anayesema kuwa maji ya kisima chake yanafaa kwa udhu amesema haki, na hatuoni sababu ya mtu kuitilia shaka sala yake. Lakini naitreti haina rangi wala harufu, na vijidudu havionekani kwa macho. Hukumu ya twahara haikuwekwa ipime maradhi. Jirani anayejaza ndoo bombani na kwenda kuwanywesha wanawe kwa hoja kwamba "maji ya msikiti ni safi" ameitumia fatwa pasipo mahali pake.

Wala fuqahaa hawakuliacha jambo hili. Walikiwekea kisima hariim, eneo la kukizunguka ambalo haijuzu mtu kulichimba kwa namna ya kukidhuru. Tunajiuliza ni kamati ngapi za misikiti zilizolipima eneo hilo kabla ya kuchimba karo. (Kupaka rangi mnara tunakumbuka kila Ramadhani.)

Kuchemsha maji huua vijidudu, na familia isiyo na maji mengine isiache kufanya hivyo. Ila naitreti haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe huzidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, na anayehatarishwa zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, kwani huifanya damu yake ishindwe kubeba hewa ipasavyo. Kwa huyo, kina mama, tafuteni maji yaliyopimwa.

Upimaji hufanywa katika maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji. Kisima kikionekana kina kasoro hakifukiwi. Huandikwa bombani "Maji ya udhu tu", kwa herufi ambazo mtoto aliyetumwa maji ataweza kuzisoma.

Imebaki suala la gharama: je, yafaa kuitoa katika mapato ya waqfu wa kisima? Wanavyuoni wameitanguliza hifadhi ya waqfu mbele ya mgao wa wanaonufaika nao, na kuyapima maji, kwa rai yetu, ni katika kukihifadhi kisima. Kwa hiyo yajuzu, na kamati haihitaji kungoja mfadhili. Wallahu aalam.