Baada ya Kupunguzwa Tumbo, Ugali Husubiri

Saa saba mchana Kariakoo, sahani ya mama lishe hufurika: ubwabwa, maharage, mchicha, kipande cha samaki. Aliyepunguzwa tumbo hula vijiko vichache tu, akashiba.

Upasuaji huo sasa unapatikana hapa hapa Dar, Muhimbili Mloganzila. Katika aina inayofanywa sana duniani, daktari huondoa takriban asilimia 80 ya tumbo, na kinachobaki kina mshono unaohitaji kupona. Ndiyo maana wiki za mwanzo ni za vimiminika: supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta. Hufuata vyakula vilivyosagwa, halafu laini, kama yai au samaki wa kuchemsha. Vigumu hurudi wiki ya sita hadi ya nane, kimoja kimoja, daktari akiridhia.

Wasumbufu wakubwa? Mishikaki mikavu na, kwa bahati mbaya, ugali, wali na chapati, vinavyofanya bonge na kukwama. Protini hutangulia, angalau gramu 60 kwa siku. Maji husubiri nusu saa baada ya mlo.

Na juisi ya miwa? Kwa wengine sukari hukimbilia utumbo, moyo ukaenda mbio na jasho likawatoka.