Skana Kukataa Kupeleka Karatasi Baada ya Kugeuza Windows

Wanachama kadha waliofika katika matawi ili karatasi zao zipelekwe afisi kuu wamejibiwa, "Skana haifanyi kazi tangu kompyuta igeuzwe." Jibu hilo si kamili. Skana aghlabu ni nzima: hupiga picha ya karatasi, na fotokopi hutoa kama kawaida. Inachoshindwa ni kuifikisha ile picha katika folda ya kompyuta kwa njia ya mtandao wa afisi. Na kwa kuwa karatasi zinazokwama ni hati za mashamba, stakabadhi za mizani na nakala za vitambulisho, ambazo mtu akizikosa siku ya kuhesabiana huwa hana la kusema, imeonekana yafaa jambo hili lielezwe, ili makatibu wa matawi walitengeneze na wanachama wajue kwa nini wamengojeshwa.

Kwanza, kwa nini kompyuta ziligeuzwa. Microsoft, wenye kutengeneza Windows, waliacha kuitunza Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta iliyobaki nayo huendelea kuwaka, lakini tundu la usalama likigunduliwa ndani yake halizibwi, ila kwa mwenye kuandikishwa katika mpango wa nyongeza, nao una mwisho. Basi afisi zikahamia Windows 11. Nayo hudai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, kwa hivyo mashine nyingi za zamani hazikukubaliwa, ikabidi zinunuliwe mpya. Hapo ndipo penye kosa la kwanza na lililo jepesi: kompyuta mpya ina jina jipya na anwani mpya katika mtandao, na skana bado inapeleka kule kule kwa zamani, kama mtu apelekaye barua katika nyumba iliyokwisha kuhamwa. Fungueni kitabu cha anwani ndani ya skana, mwandike jina jipya. Anwani ya tarakimu nayo, kama ile inayoanza 192.168, mwambieni fundi aifunge katika ruta ili isibadilike kila umeme unapokatika na kurudi. Nasi twajua hukatika mara ngapi.

Amma kosa la pili ndilo lenye maneno mengi. Skana na kompyuta huzungumza kwa lugha iitwayo SMB. Lugha hiyo ina matoleo. La kwanza ni la miaka ya 1980. La pili lilikuja na Windows Vista, na la tatu na Windows 8 katika mwaka 2012. Skana nyingi za zamani hazijui illa toleo la kwanza, na Windows tangu mwisho wa mwaka 2017 hailiweki tena toleo hilo yenyewe katika kompyuta mpya. Kisha katika Windows 11 ya toleo la 24H2, lililotoka mwaka 2024, yameongezwa mambo mengine. Katika aina ya Pro, ambayo ndiyo ya maafisi, kompyuta hutaka kila ujumbe wa SMB uwe umetiwa saini, yaani alama ya siri ya kuthibitisha kuwa haukubadilishwa njiani. Tena haimkubali mgeni asiyetaja jina. Zamani skana iliweza kuingia folda bila ya jina wala neno la siri, nasi tukaona ni wepesi. Lakini hebu tazameni: ni karani gani wa mizani atakayepokea gunia la karafuu kwa mtu asiyejitaja, kisha aandike stakabadhi? Na asiye na jina hawezi kutia saini. Kwa hivyo mlango ulifungwa kwa wote wa namna hiyo pamoja.

Kabla ya kugusa cho chote, fanyeni jaribio moja, kwani litawaokolea siku nzima. Chukueni kompyuta nyingine iliyo katika mtandao ule ule, mjaribu kuifungua ile folda kwa jina na neno la siri lile lile linalotumiwa na skana, kisha mtie faili moja ndani yake. Kama hata kompyuta ya pili inakataliwa, ubaya uko katika kompyuta inayopokea. Kama kompyuta ya pili inaingia na kuandika, na skana haiwezi, basi ubaya uko katika skana: ama imeandikwa vibaya, ama haiijui lugha mpya.

Ubaya ukiwa katika kompyuta, angalieni mtandao umeandikwaje katika mipangilio yake. Ikiwa ni "Public", kompyuta hujiona iko mahali pa watu wote, kama mkahawani, na hujificha. Ugeuzeni uwe "Private". Kisha fungueni akaunti ya pekee kwa ajili ya skana, muipe jina kama "skana", na neno la siri refu. Wengi hukwama hapa. Zile tarakimu chache unazobonyeza asubuhi kuwasha kompyuta si neno la siri; ni ufunguo wa kompyuta ile tu mbele ya kiti, wala hazifai kuingilia kwa njia ya mtandao. Ukizitia katika skana utakataliwa mpaka kesho. Akaunti ya skana ipewe ruhusa ya folda ile moja tu, nayo iwe ruhusa ya kuandika, si ya kusoma peke yake. Na ruhusa hiyo hutolewa mahali pawili, katika kushiriki na katika folda yenyewe. Mkitoa pamoja mkasahau pa pili, hamkufanya kitu.

Ubaya ukiwa katika skana, tazameni nambari ya mlango wa mtandao: kama imeandikwa 139, iandikeni 445, kwa sababu katika 24H2 kushiriki folda hakufungui tena ile milango ya zamani. Tazameni saa na tarehe ya skana pia, maana ikipotoka sana huweza kukataliwa hata kama neno la siri ni sahihi. Kisha fundi atafute kwa mtengenezaji wa skana programu mpya ya ndani ya mashine. Skana nyingi zilizokuwa hazijui toleo la pili au la tatu hufunzwa kwa njia hiyo, bila ya kununua kitu.

Sasa jambo ambalo ndilo khasa lililotufanya tuandike. Wako mafundi watakaosema, "Nitawasha SMB ya kwanza, dakika tano tu, kazi imekwisha." Na kweli itakwisha. Lakini ni kwa udhaifu wa toleo hilo hilo ndipo tarehe 12 Mei 2017 maradhi ya kompyuta yaitwayo WannaCry yalipoenea katika nchi zaidi ya 150, yakafunga mafaili ya watu na kudai fidia ya dola 300 kwa kila kompyuta. Katika Uingereza mahospitali yalilazimika kuwarudisha wagonjwa. Folda zetu zina hati za mashamba na vitambulisho vya wanachama; zikifungwa, au zikichukuliwa, hakuna wa kuturudishia. Kungoja juma moja kuna uchungu, twaujua, lakini si sawa na huo.

Skana ikiwa haifunziki kabisa, itumieni kupiga picha na kuzitia katika kijiti cha USB, karani azihamishe mwenyewe katika kompyuta. Au ipeleke kwa barua pepe ikiwa inaweza. Kuzima sharti la saini peke yake kunawezekana pia, na si kubaya kama kuwasha toleo la kwanza, lakini lisifanywe na tawi bila ya kuuliza.

Katibu wa tawi atakayepiga simu afisi kuu kuhusu jambo hili awe na haya mbele yake: jina na nambari ya aina ya skana, Windows ni ya toleo gani, na lile jaribio la kompyuta ya pili limetoa jibu gani. Na fundi asilipwe kabla ya karatasi moja kuonekana ndani ya folda.