Tuta: shambani, barabarani na uwanjani

Neno tuta (wingi matuta, ngeli ya LI-YA) lilikuwa la mkulima kabla ya kuwa la dereva. Shambani, tuta ni udongo uliokusanywa kwa jembe na kuinuliwa, ili kiazi kitamu kipate nafasi laini ya kutanuka na maji ya mvua yasituame mizizini. Shamba lisiloinuliwa hivyo huitwa sesa. Umbo hilo la mwinuko ndilo lililohamia barabarani, na lugha haikuhitaji neno jipya, ingawa mkopo bampu nao husikika, hasa Kenya.

Maana ya kitamathali imetokana na tuta la barabarani, wala si la shambani. Kamusi nyingi za wanafunzi zingeridhika kulifasiri kuwa ni kikwazo. Fasiri hiyo haitoshi. Kikwazo humkwaa mtu mguu, na kizuizi humsimamisha, tuta hupitika. Anayepunguza mwendo hulivuka salama, na anayekwenda kasi ndiye huumia. Kwa hiyo ni sahihi kusema, “Masomo yake yalikutana na matuta, lakini alihitimu.” Aliyekataliwa moja kwa moja hakukutana na tuta; huyo amekutana na ukuta.

Tofauti ya pili ni kwamba tuta halijioti lenyewe. Huwekwa na mtu kwa makusudi, mara nyingi karibu na shule au soko, baada ya wakazi kudai, pengine baada ya mtoto kugongwa. Ndiyo maana kitenzi kinachoandamana nalo hubadili maana ya sentensi nzima. “Mradi umekutana na matuta” haimlaumu yeyote. “Mradi umewekewa matuta” inadokeza kuwa yupo aliyeyaweka, japo hakutajwa, na msikilizaji huanza kumtafuta. Mwandishi wa habari anayezichanganya kauli hizi mbili anaweza kumtuhumu mtu bila kukusudia. Tena, aliyeweka matuta si lazima awe adui: mkaguzi wa hesabu anayedai stakabadhi kabla ya malipo naye huweka matuta, na wapo wanaomshukuru.

Mfasiri ajihadhari zaidi na kurasa za michezo za Tanzania. Huko tuta ni penalti, na matuta ni mikwaju ya penalti inayopigwa ili kumpata mshindi. Agosti 2023, kwenye Uwanja wa Mkwakwani, Tanga, Simba na Yanga zilitoka sare tasa katika Ngao ya Jamii, kisha Simba ikashinda kwa matuta 3-1. Hapo hakuna barabara, hakuna kikwazo, wala kasi iliyopunguzwa. Kihusishi kwa ndicho kitambulisho: timu hushinda au hutolewa kwa matuta, ilhali safari au mradi hukutana na matuta.