Karatasi Inapofunga Mlango

Ndugu zetu wa vikundi vya Banissa, swali hili hutujia karibu kila mkutano: kwani kitambulisho kimekuwa kigumu hivi kwetu sisi kwa nini? Tuanze na asili yake.

Mwaka 1926 serikali ya Kiingereza ilifunga kaskazini yote, iliyoitwa NFD. Mgeni hakuingia bila pasi. Sheria ya 1934 ikabana wenyeji pia: walipangiwa pa kuchungia, na kosa la mtu mmoja liliweza kulipwa na kabila zima. Uhuru ulipokuja, hali ya hatari ilitangazwa huku Desemba 1963, ikaondolewa 1991. Katikati, mwaka 1989, Wakenya Wasomali waliitwa kuchunguzwa na kupewa kadi ya pili juu ya kitambulisho. Makabila mengine hayakuitwa.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Marekani, kuanzia miaka ya 1890, miji midogo mingi ilikataza watu weusi kuishi humo. Mingine iliweka kibao njiani: ondoka kabla jua halijatua. Sheria ya mwaka 1968 ilikataza ubaguzi wa kuuza na kukodisha nyumba. Huko mtu alifukuzwa mjini, huku alifungiwa kwao. Lakini mzizi ni mmoja: mtu anahukumiwa kwa kabila lake, si kwa tendo lake.

Hasara yake tunaijua. Bila kitambulisho hupigi kura, husajili laini ya simu, hufungui akaunti ya benki. Sasa kikundi kitamchaguaje mtu huyo awe mweka hazina?

Februari 2025, Rais Ruto alitangaza huko Wajir kwamba uchunguzi wa ziada kwa watu wa mipakani umekwisha. Ni vizuri, lakini tangazo halitembei lenyewe mpaka kijijini. Kwa hiyo:

1. Andikeni majina ya wanakikundi na watoto wao waliofika miaka 18 bila kitambulisho.
2. Nendeni kwa chifu pamoja, siyo mmoja mmoja, mkiwa na vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi.
3. Anayerudishwa aulize sababu. Andikeni sababu hiyo na tarehe kwenye daftari la kikundi.

Swali la kujadiliana: Je, kuna mama tuliyemkataa kikundini, au kisimani, kwa sababu ya ukoo wake? Kama yupo, ni nani atakwenda kumwita?