Sabufa hutoka ng'ambo, faida ya Moshi imo kwenye boksi

Desemba ndiyo msimu wa mavuno kwa mafundi wa redio za magari mjini Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Wachagga wanarudi kula Krismasi nyumbani, na kila mwenye gari angependa kupanda Marangu, Machame au Rombo muziki ukisikika sawasawa. Madereva wa Noah na Hiace zinazobeba abiria mlimani nao wanajua kuwa kijana hupenda chombo chenye besi.

Fedha inayozunguka katika kazi hii haikai sana mkoani. Spika, amplifaya na nyaya zinaagizwa kutoka nje, nyingi zikipitia Kariakoo, Dar es Salaam, na duka la Moshi ndilo la mwisho kwenye mnyororo. Kinachozalishwa hapahapa ni kimoja: boksi la sabufa, ile spika ya besi. Fundi anayetaka kujenga mtaji aanzie hapo.

Spika ya besi inapoisukuma hewa ya mbele, huivuta ya nyuma. Mawimbi hayo mawili yakikutana huuana, na ndiyo maana spika isiyo na boksi haitoi besi hata ikipewa umeme mwingi. Boksi huyatenganisha, na kiasi cha hewa kilichomo ndicho kinachoamua sauti itashuka hadi wapi. Sabufa ya inchi 12 kwa kawaida hutaka lita 28 hadi 35 katika boksi lililozibwa kabisa, na zaidi ya hapo katika boksi lenye tundu. Kipimo hicho huandikwa kwenye karatasi inayokuja na spika. Msingi wa hesabu zake uliwekwa na Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, kisha ukaendelezwa na Richard Small katika miaka ya 1970.

Hasara nyingi huanzia kwenye futikamba. Boksi la sentimita 50 kwa 35 kwa 30 linapopimwa kwa nje huonekana kuwa na lita 52.5. Likijengwa kwa ubao wa milimita 18, ndani hubaki sentimita 46.4 kwa 31.4 kwa 26.4, yaani lita 38.5. Mwili wa spika wenyewe hula lita 2 au 3 zaidi. Fundi aliyesahau unene wa ubao amekosea kwa zaidi ya robo, na mteja atailaumu spika isiyo na kosa.

Hesabu hiyohiyo inagusa mfuko. Ubao mmoja wa futi 4 kwa 8 hutoa maboksi matatu ya kipimo hicho, mradi vipande vyote vichorwe kabla ya msumeno kuwashwa. Anayekata kwa kukisia hupata mawili, na gharama ya ubao kwa kila boksi hupanda kwa nusu.

Uchaguzi wa ubao nao unadai kuijua hali ya hewa ya mlima. MDF, ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa, ni nzito, haitetemi ovyo na hukatika vizuri, lakini ikinywa maji huvimba na kumeguka. Kwa gari linalopanda Kibosho katika masika ya Machi hadi Mei, likipakia mizigo iliyolowa, plaiwudi nene ni salama zaidi, na ipo inayotengenezwa nchini, kule Mafinga. Mbao za kawaida zisizokauka vizuri hupinda na kufungua maungio. Hewa ikivuja, besi imekwenda. Kila ungio lipate gundi na skrubu, kisha lizibwe kwa silikoni kabla ya kufunikwa kapeti.

Usalama usiachwe nje ya bei. Amplifaya ya wati 500 inaweza kuvuta zaidi ya ampia 40 kwenye betri ya volti 12, kwa hiyo waya uwe mnene na fyuzi ikae karibu na betri. Kelele nazo zina sheria: kanuni za mazingira za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinasimamiwa na baraza la mazingira, NEMC.

Ujuzi huu unaweza kukuzwa bila kusubiri kiwanda. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, na shirika la viwanda vidogo, SIDO, zote zipo Moshi, na halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, 4 kati yake zikiwa za vijana. Kikundi cha seremala, fundi umeme na mshona viti kinaweza kununua msumeno wa meza na kukata kwa vipimo vya uhakika.

Mafundi wa Moshi waache kutoa boksi kama nyongeza ya bure kwa anayenunua spika. Walipime, waandike lita zake kwenye risiti na watoze bei yake. Nawe mteja, kabla hujalipa, muulize fundi swali moja: boksi hili lina lita ngapi kwa ndani?