Ruhusa na Mwanzo: Jeni ya CDT1 na Suala la Istilahi

Jeni ya CDT1 ya binadamu, iliyomo katika kromosomu ya 16, huelezwa mara nyingi kuwa ndiyo "inayoanzisha" urudufishaji wa DNA. Kitenzi hicho ni chepesi kutamkwa, lakini huficha jambo lililo muhimu katika kazi ya jeni yenyewe.

Kabla seli haijagawanyika, DNA yake yote haina budi kunakiliwa, na kila sehemu mara moja tu. Kazi huanzia mahali pengi, maelfu kwa maelfu. Kwanza protini za ORC na CDC6 hutangulia kukaa mahali hapo. Kisha protini itokanayo na CDT1 husaidia kuivika DNA pete za protini za MCM. Wakati huo hakuna kinachonakiliwa, pete zimelala. Baadaye vimeng'enya vingine huziamsha, na hapo ndipo nyuzi za DNA zinapoachanishwa na kunakiliwa. Kazi ikishaanza, CDT1 huvunjwa, na masalio yake hushikwa na protini ya jeminini, ili pete mpya zisivikwe.

Basi hatua ni mbili, wala hazipasi kuchanganyika. Mwaka 1988 Julian Blow na Ronald Laskey, waliotumia mayai ya chura katika uchunguzi wao, waliifananisha hatua ya kwanza na utoaji wa leseni. Kwa Kiswahili mfano huo wapotosha, kwani mwenye leseni ya udereva hufanya safari nyingi kwa leseni ile ile. Lifaalo zaidi ni "ruhusa": mwanafunzi aliyeruhusiwa kwenda kwao leo, akitaka kwenda tena kesho, sharti aombe upya.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Ilibainika mwaka 2011 kwamba kasoro katika CDT1 na jeni nyingine za kundi lake huleta ugonjwa wa Meier-Gorlin, ambao dalili zake ni kimo kifupi, masikio madogo, na pia za magoti zilizo ndogo au zisizokuwapo kabisa. Kwa upande mwingine, CDT1 ikizidi, sehemu za DNA huweza kunakiliwa mara ya pili na kromosomu zikaharibika. Mwanafunzi aliyefundishwa neno "kuanzisha" peke yake atashangaa kwa nini seli huivunja protini hiyo mara kazi inapoanza. Aliyefundishwa "ruhusa" hatashangaa: ruhusa imekwisha kutumika.